Uwanja Ambao Gidi Hakutuonyesha

Kabla hajamsalimu mgeni, alimwangalia viatu. Aliwapanga wageni mstari mmoja mbele ya kambi, akapita mbele yao taratibu, mikono mgongoni, kama mtu anayechagua kuku sokoni, halafu akaonyesha kidole: "Weye mama, kuja hapa mbele." Kila mara alimchagua anayetembea vibaya kuliko wote: mnene, mzee, mwenye botine mpya zinazomuuma kisigino. Huyo aliwekwa nyuma yake moja kwa moja. Wenye nguvu aliwatupa mwisho wa mstari. Vijana hawakupenda. Mzungu mmoja kijana, miguu mirefu kama korongo, alilalamika kwamba yeye anatembea mbio na anataka kuwa wa kwanza kuona wanyama.

"Ukitangulia weye," akamwambia, "tutaona mugongo yako. Akitangulia huyu mama, tutaona musitu."

Mkalimani akatafsiri, mama akacheka, kijana akaenda nyuma. Mimi nilikuwa nyuma yake tena, na gunia la mchele kichwani.

Tulimwita Gidi, maana ndiyo kazi aliyoandikiwa: kuongoza wageni katika msitu wa serikali, ule wa upande wa Lubutu. Jina lake ninalijua na siliandiki. Mkifika mwisho mtajua kwa nini. Amezaliwa wapi na wa ukoo gani, hayo waulizeni wenye kupenda hesabu za koo. Mimi nilimjua kwa miguu yake. Miaka mingi niliitazama miguu ile mbele yangu njiani.

Na mimi ni nani? Darasa nilifika la tatu tu. Baba alikufa, shule ikakufa. Kusoma nilijimalizia mwenyewe kwenye magunia na mikebe ya maziwa. Nilianza ubebaji nikiwa na kaptula moja, leo nina nyumba ya matofali Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, na duka lenye mlango wa chuma, na hakuna mtu atakayesimama aseme alinipa. Ninaandika haya kwa mkono wangu. Kama kuna makosa, ni makosa yangu, sikuyakopa.

Zamani wageni walifika kwa ndege Kindu, au kwa treni kutoka Kusini. Tukawavusha mto Lualaba kwa baki, kile kivuko cha kubebea magari, tukawapandisha lori, siku mbili au tatu kulingana na mvua. Kambini walilala siku moja kupumzika. Kesho yake Gidi aliwanyang'anya sabuni. Ndiyo, aliwanyang'anya! Alipita na ndoo, kila mtu akatia humo sabuni, manukato, dawa ya kupaka nywele. "Mutaoga na majivu. Nyama wa musitu atajua munakuja toka jana yake." Mabibi wa kizungu walishangaa, lakini walitoa. Siku ya kurudi kila mmoja alirudishiwa sabuni yake, wala hakukosea hata moja, ingawa hakujua kusoma maandishi yaliyokuwa juu yake.

Matembezi yalikuwa na vituo kumi na viwili. Kituo cha kwanza kichuguu chekundu kirefu kuliko mtu. Cha pili mti wenye mizizi iliyosimama kama kuta za nyumba, akaupiga kwa kiganja ukalia kama ngoma. Cha tatu kijito cha maji ya rangi ya chai. Cha tano mti uliopasuliwa na radi. Na kadhalika. Kila kituo kilikuwa na maneno yake, na maneno hayakubadilika. Nilipomsikia mara ya mia moja yalikuwa yaleyale ya mara ya kwanza, hata kukohoa alikohoa mahali palepale.

Kituo cha tisa ndipo sisi wabebaji tulitua mizigo, tukawasha moto mdogo usio na moshi, tukangoja. Yeye na wageni waliendelea peke yao mpaka cha kumi na mbili. Na cha kumi na mbili ndicho kilikuwa uwanja.

Uwanja wenyewe mimi nausema kama nilivyousikia. Walisema ni mahali katikati ya msitu mnene ambapo hakuna mti hata mmoja, majani mafupi tu na matope yenye chumvi, na tembo wanakuja kuchimba na kunywa, kumi, ishirini, mama na watoto. Wageni waliporudi kwetu kituo cha tisa walikuwa watu wengine. Mwanamume mmoja mkubwa, mwalimu huko kwao, alikaa chini kando ya moto wetu akaomba mhogo, akala, machozi yanateremka, anatafuna tu. Nikamuuliza Gidi, "Amefiwa?"

"Hapana. Ameona."

"Na sisi tutaona lini?"

"Mukijifunza kufunga kinywa."

Maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa na swali moja tu katika kazi ile, na sikuwahi kulimaliza: huo uwanja ukoje, na uko wapi? Nilibeba magunia mpaka shingo ikaingia mabegani, na mlango wa kile nilichokuwa nakibebea ulifungwa mbele yangu kila safari.

Mtu anayenyamazisha watu hivyo mtamdhania bubu. Nyumbani kwake alikuwa redio! Mkewe wa kwanza alisema aliolewa naye kwa sababu ya ukimya wake, Gidi alimkuta msituni akikusanya majani ya kufungia chikwange, ile mikate ya mhogo, wakatembea pamoja saa nzima bila Gidi kutamka neno. "Nikasema huyu mwanaume ni mupole. Kumbe alikuwa kazini!" Kila mara aliposema hivyo Gidi alicheka kuliko sisi wote.

Alikuwa Mwislamu wa kweli, wa sala tano. Msituni alijua saa ya kuswali bila kuona jua. Wageni wengi walifikiri anawalinda wanyama kwa sababu ya dini au kwa sababu ya upendo. Bibi mmoja alimwambia, kwa mkalimani, kwamba anaona wazi jinsi anavyowapenda viumbe hao hata hawali. Gidi akajibu, "Mwambie ninapenda nyama sana. Lakini swala wa musitu anakufa kabla sijamusomea bismillahi. Mwambie alete mbuzi." Bibi aliandika jambo fulani katika daftari lake, sijui aliandika hilo au lingine.

Na mtu huyu aliyesimama mbele ya tembo mwenye hasira, nikiwa shahidi, akasema naye pole pole mpaka tembo akageuka, aliogopa maji. Wallahi, aliogopa maji kama paka. Kuvuka Lualaba kwenye mtumbwi alilala chini kabisa, amejifunika kitambaa usoni, amemshika mguu jirani yake. Wavuvi wa Kindu walimjua. "Gidi! Kiboko huyo hapo, tuambie mambo yake!" Naye kutoka chini ya kitambaa: "Muache. Huyo hayuko kwenye kazi yangu."

Lakini jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni namna alivyoijua njia. Mimi nilidhani anaijua kama mimi ninavyojua Kindu, kwamba ukinitupa popote nitafika dukani kwangu. Siyo. Siku moja, vita havijaja bado, mvua kubwa iliangusha mti njiani, kati ya kituo cha sita na cha saba. Ikabidi tuuzunguke mbali, katika matope. Tulipotokea upande wa pili akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Halafu akatugeuza wote, wageni na wabebaji, tukarudi mpaka kituo cha kwanza, kwenye kichuguu, akaanza upya na maneno yake yote. Safari hii alipita juu ya ule mti, akipanda kwa magoti, huku anasema maneno ya kituo cha saba kabla hatujafika.

Nikamcheka. "Gidi, weye ni kama mutoto wa chuoni. Ukimukatiza katikati ya sura, anarudi kwenye bismillahi."

Hakukasirika. Akanijibu kwa "njo" yetu, yaani "ndiyo": "Njo vile nilijifunza. Baba alinitembeza, na yeye anasema. Njia iko katika kinywa, haiko katika macho."

Kisha vita. Sitasema vya nani na vya nani, maana kwetu vilikuja vingi kimoja juu ya kingine, na wenye bunduki walibadilisha nguo kuliko walivyobadilisha tabia. Wageni waliisha. Biro ya msitu, yaani ofisi, ilichomwa pamoja na karte zote, zile ramani, zilizokuwa ndani. Mwenzake Gidi, gidi wa pili, aliuawa njiani akienda kutafuta chumvi. Akabaki peke yake anayejua.

Wakaja kundi, watu kama arobaini, wakatukamata kijijini karibu na kambi. Mimi nikabebeshwa sanduku la risasi. Gidi wakamwambia: tupeleke kwa tembo. Mkubwa wao alikuwa na bastola na jino bovu, shavu limevimba kama ametia yai.

Gidi akamwangalia viatu.

Namuapia yeyote: aliwapanga mstari! Akamwambia mkubwa, "Bwana mukubwa, weye nyuma yangu kabisa." Na mkubwa akakaa nyuma yake. Akaanza: kichuguu chekundu, maneno yaleyale. Mti wa kuta, akaupiga ukalia. Kwenye kijito cha kituo cha tatu akaacha njia. Nilijua, maana miguu yangu ilijua, lakini nilinyamaza, na siku ile ndiyo nilijifunza kufunga kinywa. Siku tatu alituzungusha. Vituo alivitunga pale pale. Hapa mti huu ganda lake linatuliza jino, akalichuna, mkubwa akatafuna, akapata nafuu. Kutoka hapo yule mtu akageuka mgeni: "Na hii? Na huyu ndege anayelia ni nani? Na kwa nini siafu wanavuka hapa?" Vijana wake walichoka na njaa, yeye anauliza maswali. Tembo hawakuonekana. Walipiga kima wachache, wakaondoka.

Lakini kabla ya kuondoka alimpiga Gidi begani kirafiki. "Nitarudi na wenzangu, watu wa kazi hii kweli. Wao hawatauliza maswali. Utatupeleka."

Baada ya hapo sote tulikimbia, kila mtu na njia yake. Mimi nilifika Kindu kwanza. Gidi alifika wiki nyingi nyuma yangu, amekonda, mikono imejaa malengelenge kama ya mtu aliyekata shamba la hekta nzima. Nikamuuliza ni nini. "Nilikuwa na kazi," akasema.

Sasa nitasema la kwangu, kwa sababu siandiki kujipamba. Kindu ilikuwa na njaa na mimi nilikuwa na baiskeli. Niliuza nyama ya kukauka. Niliitoa kwa wawindaji kando ya barabara, nikaileta sokoni, na sikuuliza imetoka msitu gani. Duka langu lilianzia hapo. Siku moja Gidi alipita mbele ya meza yangu, akisukuma toroli la makaa, maana ndiyo kazi aliyokuwa amepata mjini. Akasimama. Akachukua kipande kimoja, akakinusa, akakigeuza.

"Huyu alikuwa mama," akasema. "Na alikuwa ananyonyesha."

Akakirudisha mezani vizuri, mahali palepale, akaendelea na toroli lake. Bora angenipiga. Watu walikuwa wamesimama wananisubiri nipime, na mimi nimeshika kisu tu.

Vita vilipotulia alirudi msituni. Wageni walianza tena, kidogo kidogo: padri, walimu wa Kindu na wanafunzi wao, watu wa masomo kutoka mbali. Matembezi yakarudi, sabuni ikakusanywa, mwenye miguu mibaya akatangulizwa. Kila aliyekwenda alirudi akimsifu. Ila hakuna aliyeuona uwanja. Walifika kituo cha kumi na moja, Gidi akainua mkono, akasikiliza kwa muda mrefu, halafu: "Leo wamekataa wageni. Turudi."

Safari moja nilikwenda mimi pia. Siyo kubeba! Nilikwenda kama mgeni, na botine zangu, na mbebaji wangu. Nilitaka anione. Akaniangalia viatu, akaniweka mwisho kabisa wa mstari.

Nikatembea nikihesabu, na niliona jambo. Kichuguu kilikuwa kile kile, mti wa kuta ule ule, kijito kile kile. Baada ya hapo vyote vilikuwa vingine. Mti wa radi haukuwepo. Maneno ya kituo cha tano aliyasema mbele ya jiwe. Kwenye cha kumi na moja akainua mkono wake. "Leo wamekataa."

Nikamvuta pembeni. "Gidi, hawa uwafiche, ni wageni. Na miye?"

"Kila muntu ninamuficha."

"Ni kwa sababu ya ile nyama."

Akageuka, akawarudisha watu. Nikalichukua hilo kuwa jibu, nikarudi nalo Kindu, nikalala nalo miaka. Nilijiambia: mtu huyu ameniweka katika hesabu ya wenye bunduki. Tuliendelea kusalimiana, tulikula pamoja sikukuu zake na zangu, lakini kitu kilikuwa kimekaa kati yetu na mimi nilikuwa najua jina la kitu hicho, au nilidhani najua.

Macho yake yaliharibika pole pole, mpaka akabaki anaona mwanga na giza. Binti yake akamleta kwake Mikelenge, si mbali na duka langu. Na mwaka huu akaja dukani gadi mmoja, mlinzi wa msitu, mwanamke kijana, mwenye heshima, sare imepigwa pasi, amekuja kwa pikipiki iliyojaa udongo mpaka kwenye kiti.

"Papa," akanisalimu, "wamesema weye unaongea na Babu Gidi."

"Tunaongea. Kuna nini?"

Akanieleza. Serikali inataka kufungua tena matembezi ya wageni, kwa utaratibu, na vijana wa vijiji vya kando ya msitu wafundishwe kazi ya gidi. Lakini kila mtu anauliza ule uwanja. Wametafuta, hawapati. Wameangalia hata picha zilizopigwa kutoka mbinguni na setilaiti. "Hakuna shimo hata moja, Papa. Miti tu, miti tu. Babu njo anajua peke yake. Nimeenda kwake mara mbili, ananieleza mambo ya siafu. Akikufa nayo, imekwisha. Na wale vijana wanangoja kazi, la sivyo wataingia kwenye mashimo ya madini kama ndugu zao."

Nikamwambia picha za mbinguni ni za watu wavivu. Lakini nilikubali. Sitadanganya kwamba nilikubali kwa ajili ya vijana. Nilikubali kwa sababu nilitaka kujua.

Tukaenda asubuhi, yeye akabaki uani na binti wa Gidi, mimi nikaingia. Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe kwa vidole. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya mchele kama yeye alivyotembea zamani, bila haraka, na kila kijiwe kilipopatikana kilitupwa kwenye kikombe.

"Ni weye," akasema. "Unakanyaga kama umebeba gunia mpaka leo."

Nikakaa. Sikuzunguka. "Wananitafuta nikuulize uwanja. Miye pia nakuuliza. Kama ni kwa sababu ya nyama, useme leo, nikuombe msamaha, tumalize. Niliuza. Nilijua si halali. Sasa sema uko wapi."

Vidole vikasimama.

"Nyama gani?"

"Ile ya sokoni! Wakati wa vita!"

"Ah, ile." Akafikiri. "Weye unakumbuka ile?" Na akacheka, kicheko kibaya, kifupi. "Miye sikumbuki nyama yako. Weye ulifikiri miaka hii yote ni nyama yako?"

"Sasa ni nini?"

Akasogeza sinia pembeni. Akasikiliza kwanza kama kuna mtu mlangoni.

"Niliupoteza."

Sikufahamu. Akasema tena, chini zaidi, na hapo nikaona uso wake, uso wa mtu anayevuliwa nguo; ndiyo maana jina lake siliandiki.

Nitawapa kwa ufupi. Baada ya yule mkubwa wa jino kuahidi kurudi, Gidi alibaki msituni peke yake na shoka. Akaiua njia. Kuanzia kijito cha kituo cha tatu mpaka karibu na uwanja, alama zote aliziondoa: mti wa radi akaukata, mawe akayabingirisha, vivuko akavifunga kwa miti iliyoanguka. Kisha akakata njia za uongo, nyingi, kila moja ikiishia mahali pasipo na kitu. Yale malengelenge ndiyo hayo. Akaja Kindu akalala vizuri: hata wakimpiga, hakuna njia. Vita vilipoisha akarudi, akasimama kwenye kichuguu, akaanza maneno. Kituo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Na hapo maneno yakakosa mahali pa kukanyaga.

"Nilirudi kwenye kichuguu mara kumi. Mara ishirini. Ninasema mti wa radi, mti hauko, na nyuma ya ule mti kila kitu kinanyamaza. Njia zote nilizoona ni zile nilizozikata miye mwenyewe. Nilijidanganya vizuri sana!"

"Na tembo? Si ungefuata njia za tembo?"

"Wengine waliwamaliza upande mwingine, waliobaki walihama. Njia zao zikajifunga." Akashika goti langu. "Sikiliza. Mara ya mwisho nilitafuta siku nyingi. Nikafika mahali pana miti myembamba, yote ya rika moja, kama watoto wa darasa moja. Pazuri, pana baridi. Nikakaa pale nikala chikwange. Nikasema, hapa siyo, twende. Nilirudi mpaka kambini, ninavua botine, njo nikafahamu. Tembo njo walikuwa wanaufagia ule uwanja, na miguu yao. Wao wakienda, miti inaingia. Nilikula chikwange yangu katikati ya uwanja, na ninauliza uwanja uko wapi!"

Nje yule gadi alikuwa anacheka na binti wa Gidi juu ya kitu fulani cha jikoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Gidi amepoteza njia?" Akachukua tena sinia. "Mwambie yule mutoto nimekataa. Watu wanaheshimu muntu anayekataa. Mwambie mzee ni mgumu, atakufa na siri yake. Unifanyie hiyo tu, ndugu yangu."

Alisema ndugu yangu. Alikuwa hajawahi.

Nikatoka. Gadi akasimama haraka, akapangusa mikono. "Papa?"

Katika maisha yangu nimeuza vitu vingi, na nimesema uongo kwa wateja, sitajitakasa hapa. Na ule wa Gidi ulikuwa mwepesi kuubeba, neno moja tu. Lakini nilimwangalia yule gadi na nikaona atakavyorudi barabara yote ile na neno moja mkononi, na wenzake watakavyoendelea kupita katika njia za uongo alizokata mzee kwa shoka lake, mwaka hadi mwaka, wakisubiri siri isiyokuwepo. Na palipo na miti ya rika moja watapita bila kuangalia, kama alivyopita mwenyewe.

"Ameupoteza," nikasema, kwa sauti, mlango wazi. "Ingia na daftari. Usimuulize uwanja. Muulize njia za uongo, zote, na muulize miti myembamba."

Ndani sinia likalia chini, mchele ukamwagika.

Alipoingia, aliyemjibu yule gadi alikuwa Gidi, si mimi. Nikasikia: "Kaa. Umevaa viatu gani?" Alimsimulia mpaka adhuhuri. Mimi aliniacha uani kama kuku.

Tangu siku hiyo hakusema nami. Kila Ijumaa nilipita. Mimi ni Mkristo, lakini nilisimama mlangoni nikampiga kwa "Asalaam aleikum" makusudi, kwa sababu nilijua dini yake haimruhusu kuacha kuijibu. Alijibu, neno kwa neno, mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta. Binti yake akanipa chai nikanywa nimesimama. Nilisema moyoni, basi, hii ndiyo bei yake, na nilikuwa tayari kuilipa mpaka mmoja wetu azikwe.

Ijumaa iliyopita nilimkuta gadi ameketi ndani, matope mpaka magotini, hajaoga. Alikuwa ametoka msituni moja kwa moja.

"Tumeiona, Babu. Miti myembamba, rika moja. Ni pakubwa kama uwanja wa mpira, labda zaidi. Na Babu, imevunjwa! Miti mitano, sita, imesukumwa chini, majani bado mabichi."

Gidi alikuwa amenyoosha shingo mbele. "Imeangukia upande gani?"

"Pardon, Babu?"

"Imeangukia upande gani? Wa kijito ao wa katikati?"

Gadi akafungua daftari, akalifunga. "Sikuangalia."

"Umetembea siku sita, umeona miti sita iko chini, hukuangalia imelalia wapi! Weye ulifundishwa na nani? Muti unaangukia kule tembo anaenda. Kama wameelekea kijito, wanapita tu. Kama wameelekea katikati, wanafungua uwanja." Akapiga mkeka kwa kiganja. "Rudi."

"Sasa, Babu?"

"Kula kwanza. Kisha rudi."

Yule gadi alinitazama mimi, kama mtoto anayemtazama mjomba amtetee, nami nikainua mabega. Alikuwa anatabasamu. Mimi pia nilikuwa nataka kujua imeangukia wapi, nilitaka kujua mpaka miguu ikaniwasha, nikasahau hata kutoa salamu.

"Na weye," Gidi akasema, uso wake umeelekea kwangu, "unasimama kwenye mulango unafanya nini? Unaniziba mwanga. Ingia ao toka."

Nikaingia.